Pete za Chuma na Mafuta ya Kondoo

Miaka ile Mjerumani alipokuwa ameshajenga boma lake Arusha, Saruni mwana wa Sironka alikuwa mhunzi kwenye miteremko ya Meru. Kazi ya ajabu hiyo. Kila mtu alitaka mkuki wa mhunzi, kila mtu alitaka panga la mhunzi, lakini mhunzi mwenyewe hakuna aliyemtaka. Desturi ilisema kwamba kabla ya kupokea chuma kutoka mkononi mwake, sharti mtu ajipake viganjani mafuta ya kondoo, mkosi wa ukoo wa wahunzi usije ukamwingia. Saruni alizaliwa akaikuta desturi hiyo, na wateja walipomjia na pembe zao za mafuta aliwahudumia bila kununa. Lakini ilimuuma, asikudanganye mtu.

Mmoja tu ndiye hakujipaka. Huyo ni Lemburis, wa rika lake, mtoto wa watu wenye ng'ombe. Alikuwa akija mchana kweupe, anakaa kwenye jiwe karibu na mivukuto, anapokea kisu kwa mkono mkavu na kunywa maziwa katika kibuyu kilekile alichonywea Saruni. Walikuwa chanda na pete. Nashilu, mke wa Saruni, ndiye peke yake aliyekuwa na neno. Alimwuliza mumewe kama Lemburis amewahi kufanya hivyo mbele ya mtu mwingine yeyote. Saruni akamwambia aache wivu.

Basi Lemburis akapata kazi kwa mlowezi mmoja wa Kijerumani upande wa Ziwa Duluti. Kazi yenyewe kumbebea bwana ufito wake wa kuvulia samaki. Waarusha, ambao samaki kwao hakuwa chakula, walicheka mpaka wakashika mbavu: mtu mzima analipwa kwa kumsindikiza mzungu kwenda kutafuta nyoka wa majini! Lakini Lemburis hakucheka, kwa sababu ufito ulikuwa na ugonjwa. Zile pete ndogo zilizopangwa kuanzia shikio hadi nchani, ambamo mshipi wa hariri hupita, zilikuwa zimelika, na mshipi ulikatika kila samaki mkubwa aliponasa. Za kwao Ulaya zingechelewa mno. Bwana alisema atakayempatia pete za kudumu atamfanya nyapara.

Lemburis akaja mbio kwa rafiki yake. "Nitengenezee pete zisizolika, ndugu yangu," alisema, "nami nitazipokea kwako sokoni, kwa mkono mkavu. Watu wote waone."

Angeahidiwa mbuzi, Saruni angeweza kuwakataa. Hilo hakuweza.

Alianza na waya wa shaba kutoka duka la Mhindi. Ulipindika vizuri na kung'aa kama kipuli cha bibi harusi. Akauloweka mshipi alioachiwa na Lemburis, akaugaagaza katika mchanga mweusi wa Duluti, kisha yeye akashika ncha moja na Nashilu nyingine, wakawa wanauvuta huku na huku ndani ya pete. Haukupita muda shaba ikachimbika mfereji, na kingo za mfereji ule ndizo zilizokuwa zikila hariri. Akajaribu pembe ya ng'ombe. Ilikuwa laini, mshipi ukateleza bila shida, lakini ikilowa na kukauka ilipasuka. Chuma cha kawaida kilistahimili kuvutwa, kisha kikaota kutu, na kutu ni msumeno.

Mwisho akachukua tupa mbovu, chuma cha pua, kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akakilainisha motoni, akakifua kikawa chembamba, akakikunja pete, akazipasha tena mpaka zikawa nyekundu na kuzitumbukiza kwenye mafuta ya kondoo ili ugumu urudi na kutu isipate mlango. Akazisugua kwa majivu hadi ukucha usikwame popote. Wakavuta mshipi mpaka mikono ya Nashilu ikachoka. Pete haikuonyesha hata alama.

Siku ya soko Saruni alishuka chini ya boma akiwa na vifuko viwili kiunoni, kimoja cha pete za chuma, kingine cha zile za shaba zilizobaki. Alikuwa ameoga, amevaa ngozi yake nzuri. Lemburis alikuwapo na ufito wa bwana, na kando yake alisimama mzee Simel, mwenye ng'ombe wasiohesabika, ambaye Lemburis alikuwa akimposa binti yake. Hilo Saruni hakuwa ameambiwa.

Akanyoosha mkono kumsalimu rafiki yake. Lemburis hakuuona. Alikuwa akichomoa pembe kiunoni. Akamimina mafuta, akajipaka viganja, akajipaka hata katikati ya vidole, polepole, huku mzee Simel akiitikia kwa kichwa kuridhika. Kisha akakinga mikono kama mteja yeyote.

Saruni angetukanwa asingeumia hivyo. Vidole vyake vikaenda kwenye kifuko cha shaba, vikakaa hapo. Ingemchukua siku chache tu Lemburis kuaibika ziwani. Lakini chuma hakikuwa kimemkosea kitu, na yeye hakuwa amejifunza kazi mbovu. Akampa zile za chuma, akapanda mlima bila kununua hata chumvi. Nashilu hakumwuliza. Alisema tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akamwekea ndizi.

Lemburis akawa nyapara, akaoa. Mvua za masika zilipokwisha, akatokea tena kwa Saruni peke yake, akakaa kwenye jiwe lake lilelile. Pete zilikuwa nzima, alisema, na sasa mgeni wa bwana alitaka za kwake.

"Siku ile ulielewa mwenyewe, ndugu yangu," alisema. "Mzee alikuwapo. Sisi tunajuana."

Saruni akatoa pete zilizokuwa tayari. Lemburis akanyoosha mkono, mkavu, kama zamani, akitabasamu.

Saruni hakumpa. Aliinuka, akaenda ukutani, akaangua pembe ya mafuta ya kondoo aliyotumbukizia pete zile, akaiweka mbele yake.

"Jipake kwanza," alisema.

Lemburis akacheka. Akamtazama rafiki yake usoni, akaacha kucheka. Akachukua pembe, akajipaka, na Saruni akangoja mpaka vidole vyote vilowe mafuta ndipo akamkabidhi.