Nilimtaja Zaina kwa Kifauongo

Nakumbuka siku niliyomfukuza mdogo wangu kwa ushahidi wa jani. Usicheke, mwanangu. Wivu nimezaliwa nao, na hata leo, na mvi hizi, babu yenu akisifia uji wa jirani nanuna mpaka jioni.

Nilikuwa nimeolewa hapa Mnyuzi, ndiyo kwanza nimejifungua mtoto wa kwanza. Mama akamtuma Zaina, mdogo wangu wa kunifuata, atoke Mashewa aje kunisaidia. Akafua nepi, akachota maji, akasonga ugali. Kosa lake lilikuwa kucheka. Mume wangu akirudi shamba akasema neno, Zaina huyo, anaangua kicheko, naye shemeji mtu anaongeza jingine! Mimi nimelala ndani na kichanga, kicheko kile kinanichoma. Mbona mimi sichekeshwi? Hata kipande cha muhogo alichomwekea mume wangu nilikiona kikubwa kuliko changu.

Basi wanawake wa huku walikuwa na imani yao. Kule bondeni huota kifauongo, mmea mdogo wenye miiba, ukiugusa majani yanajikunja kama yamekufa. Walisema ukimshuku mumeo, chuchumaa mbele ya mmea huo, taja jina la mwanamke, kisha gusa. Majani yakibaki wazi, mwanamke ni msafi. Yakijikunja, lisemwalo lipo.

Nikaenda. Nikasema, "Zaina," nikagusa. Yakajikunja yote, mpaka kikonyo kikainama. Hata sijui nilirudije nyumbani. Nikatupa nguo zake uani, nikapiga kelele, "Rudi Mashewa, mke mwenzangu wee!"

"Dada, nimefanya nini?" Analia huku anafunga furushi.

Mama mkwe alikuwa pale pale anapepeta mpunga. Akaweka ungo chini, akauliza nani kaniambia. Nikamwambia: kifauongo. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanivuta hadi bondeni, Zaina akitufuata na furushi lake.

"Haya, nitaje mimi."

"Astaghafirullah! Mama, haifai."

"Nimesema nitaje!"

Nikataja jina lake kwa sauti ya chini, nikagusa. Majani yakajikunja vilevile.

"Ehee! Kumbe na mimi nimo? Na mtoto wangu wa kumzaa?" Akaniachia mkono. "Kinachoyakunja ni kidole chako, mtoto wa watu. Ungetaja hata mbuzi yangejikunja."

Nilipiga magoti palepale kwenye tope nikamwomba Zaina radhi. Alinisamehe, akakaa nami mpaka arobaini ikaisha. Lakini tangu siku ile, shemeji yake akiingia, kicheko kinakatika. Anainamisha macho, anajikunja pembeni. Mume wangu akawa ananiuliza, "Zaina ana nini siku hizi?" Nikasema sijui, na aliyemgusa ni mimi. Leo ni bibi mwenye wajukuu, akija hapa bado hunyamaza mzee akikaa nasi. Kicheko kile kilichokuwa kinanichoma, sasa nakitafuta sikipati. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mkubwa.

Nakwambia haya kwa sababu nimekuona, mwanangu, ukichungulia simu ya mumeo akiwa bafuni. Hicho ndicho kifauongo chako. Ukienda kuuliza na jibu umeshalibeba moyoni, kila utakachogusa kitajikunja. Sisemi usione wivu, nitakuwa mnafiki. Uone, ukaze meno, kisha mwulize mwenye mdomo, kwa upole, kabla hujatupa nguo za mtu uani. Ukimwumiza asiye na kosa, radhi utapewa, ila alivyokuwa kwanza hutamwona tena.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akujalie nyumba yenye kicheko, na moyo wa kukivumilia hata kisipokuwa chako.