Muzna Aliyemnyonyesha Waziri

Basi sikia hii. Mji mzima wa Kurtuba ulikuwa unamwogopa Waziri Hudhayl, yaani mtu akisikia kwato za nyumbu wake mtaani anaanza kukumbuka makosa yake yote tangu utotoni. Mtu mmoja tu hakuwa na habari naye: Bi Muzna, aliyemnyonyesha.

Muzna wala hakuwa mtu mkubwa. Mume wake alikuwa anachoma vyungu nje ya ukuta wa mji, akafa mapema, na yeye akabaki na kazi yake ya kunyonyesha watoto wa watu. Mtoto wake wa kwanza hakufika hata kutambaa. Maziwa yakabaki, ndipo akaletewa Hudhayl, kitoto chembamba kama mkia wa panya, baba yake karani wa kawaida tu. Akakinyonyesha mpaka kikanenepa. Kikakua, kikasoma, kikapanda weee, kikawa waziri! Na alipofika huko juu, kitu cha kwanza alimchukua mama yake huyu akampa chumba kwake, dirisha linatazama michungwa.

Unadhani alitulia? Wapi! Waziri aliyemtangulia Hudhayl alitoka asubuhi kwenda kwa Amiri, na kilichoonekana tena ni kichwa chake, kimetundikwa langoni. Kwa hiyo Hudhayl akienda ikulu, Muzna anakaa kibarazani na tasbihi, mdomo unasoma, masikio yako barabarani. Kwato zikipita tu: "Huyo ni wake?" Nyumbu akiingia uani ndipo anapumua, halafu anafoka.

"Umekula wewe?"

"Nimekula, mama," anajibu waziri mzima na kilemba chake.

"Muongo. Tumbo limeingia ndani."

Sasa siku moja Muzna yuko jikoni anakaanga maandazi ya jibini, Hudhayl huyo kaingia, anacheka peke yake.

"Mama, keti."

"Nikiketi yataungua. Sema tu."

"Naoa."

Muzna akapiga kigelegele mpaka paka akatoka mbio. "Nani huyo maskini atakayekoromewa?"

"Ishraq, dada yake Amiri. Amenipa mwenyewe, mbele ya wakubwa wote. Ijumaa tunafunga ndoa."

Andazi likaungua. Yaani liliungua likawa jeusi tii na Muzna amesimama kalitazama.

"Mama? Mbona kimya?"

"Moshi huu, mwanangu. Moshi."

Haukuwa moshi. Ishraq alipokuwa mchanga, mlezi wake wa ikulu, Saduf, alishikwa na homa, maziwa yakakatika. Akaona akisema atafukuzwa, basi akawa anamleta mtoto hamamu, bafu la mji, siku ya wanawake, analia mpaka amekuwa wa bluu. Hudhayl alishakua, na Muzna alikuwa ananyonyesha mtoto wa mtu mwingine. Huruma ikamshika. "Lete huyo." Akamnyonyesha, na kesho yake tena, na tena, mpaka Saduf akapona. Saduf akamwapisha asimwambie mtu, na Muzna akakubali.

Kosa ndilo hilo. Mnyonyeshaji yeyote Kurtuba anajua: ukimpa mtoto maziwa yako, unatangaza. Watu wajue nani amekuwa ndugu wa nani, wasije wakaoana. Muzna mwenyewe ndiye alikuwa anawafundisha wasichana jambo hili! Na sasa Hudhayl anaenda kuoa dada yake wa kunyonya.

Akisema, Hudhayl itabidi amkatae dada wa Amiri aliyepewa hadharani, na Amiri hakuwa mtu wa kukataliwa. Kichwa langoni. Akinyamaza, anamwozesha mwanawe dada yake, na Mungu anaona. Tasbihi ikawa inamdondoka mkononi kila saa.

Akamfuata Saduf kule kule hamamu, akamkuta anajisugua miguu.

"Shoga, unaikumbuka ile homa yako?"

"Homa gani?"

"Saduf!"

"Sikumbuki kitu. Na wewe hukumbuki. Nimezeeka, nataka nife kitandani kwangu."

"Hawa ni ndugu!"

"Haya, kamwambie Amiri. Sijui atakayekuzika ni nani." Akajimwagia maji, yakamrukia Muzna usoni, wala hakuomba radhi.

Basi Muzna akarudi akamwambia Hudhayl. Yote. Hudhayl alikuwa anakula, akaweka mkate chini polepole. Akainuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

Sauti ile Muzna hakuwahi kuisikia. Macho yale ndiyo mji mzima ulikuwa unayaona kila siku, yeye alikuwa hajayaona bado. Akaelewa kwamba bibi kizee mmoja akinyamazishwa leo, Ijumaa harusi ipo na kichwa cha waziri kipo mahali pake. Lakini maneno yakamtoka yenyewe.

"Usinitolee macho, Hudhayl. Nimekuosha mavi yamefika mpaka kisogoni."

Waziri akakaa chini kwenye mkeka, akaweka paji la uso magotini kwa Muzna.

"Wataniua, mama."

"Najua. Vaa, twende wote."

Kule ikulu Amiri aliwasikiliza bila kupepesa. "Nakupa dada yangu, wewe unaniletea ajuza?"

"Bwana wangu, simkatai," Hudhayl akasema. "Ulitaka kunifanya ndugu. Kumbe nilishakuwa ndugu tangu Ishraq yuko mchanga. Muulize Saduf."

Amiri akawatoa wanaume wengine wote, ila mwenye upanga akaambiwa asiende mbali. Akanyoosha kidole kwenye pazia la upande wa wanawake.

"Saduf yuko hapo na Ishraq, wamesikia yote. Saduf akisema ni uongo, dada yangu anabaki ndani. Akisema ni kweli, basi Ishraq hana haja ya kumficha kaka yake uso. Atoke wazi."

Wakasubiri. Nyuma ya pazia kunong'ona, halafu mtu analia. Pazia likacheza, kumbe upepo tu. Muzna akahisi mkono wa Hudhayl unautafuta mkono wake, umelowa jasho, kama siku ile alipopelekwa kutahiriwa. Nje mwenye upanga akakohoa. Muzna alishaanza kumtolea mwanawe shahada kichwani.

Kidole cha mguu kikatokea chini ya pazia, kina hina ya bibi harusi. Kisha mguu. Kisha Ishraq mzima, kichwa wazi, nywele mgongoni, macho mekundu. Akamtazama waziri juu mpaka chini.

"Huyu ndiye kaka? Mbona mzee hivi!"

Amiri akacheka. Muzna alikaa chini palepale sakafuni, hata hakuomba ruhusa.

Hudhayl alirudi na uwaziri wake. Saduf je? Alifukuzwa siku hiyo hiyo kwa kuficha ile homa, ikulu ikamtupia hata mto wake nje. Muzna akamchukua, akampa nusu ya kitanda. Mpaka leo ukipita pale asubuhi waziri akiwa ametoka, utawakuta vizee wawili kibarazani, shingo zimenyooka.

"Huyo ni wake?"

"Huyo ni punda wa muuza maji, Muzna."

"Una uhakika?"

"Sina," anasema Saduf, na wote wawili wanasimama kuchungulia.