Pengo la Mama Ukutani

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshaufunga mkungu wa ndizi nimpelekee mwenzangu kule Bugene, ndipo jirani akapita uani akaniambia yule mama mchoraji wa sura za watu amefariki. Niliketi pale pale kando ya mkungu. Ndugu wasomaji, sikulia. Nilichowaza kwanza ni kwamba hata kwa kufa amenitangulia, na msiba wake utajaa watu kutoka Igurwa mpaka Songambele, kila mmoja akisema, "Mimi alinichora." Na kweli ulijaa.

Tulikua pamoja, wote tukaishia darasa la pili. Mimi nilijaliwa mikeka tu. Yeye alifinyanga vyungu, aliongoza kwaya, alizalisha wanawake, na kwa masizi, udongo mwekundu na kijiti alichokitafuna ncha, alikuchora ukutani wewe mwenyewe ulivyo. Kaka yangu alipotaka kuoa, nilisuka mikeka miezi mitatu. Yeye alikuja siku mbili kabla ya harusi, akamchora mama yangu kwenye ukuta wa sebuleni. "Mwanangu, pengo usiniwekee," mama akamwambia. "Nisipoliweka, mama, wageni watauliza huyu binti ni wa nani." Mama akacheka mpaka pengo likaonekana lote, nalo likachorwa. Siku ya harusi watu walikanyaga mikeka yangu wakitazama ukuta wake.

Katekista wetu alikuwa akihubiri kwamba sura ya mtu ukutani ni sanamu. Namtaja kwa sababu alinipa kisingizio. Kaka yangu ndiye aliyeniletea samadi mbichi ya ng'ombe. Naye namtaja, maana hakuuliza ni ya nini. Lakini mkono uliousiliba ukuta ule, ukaifunika sura ya mama, ulikuwa wangu. Mama aliporudi kutoka shambani alisimama mlangoni. "Nimekukosea nini?" "Ukuta ulikuwa na ufa, mama." Mwenzangu naye akaja, akautazama, wala hakufoka. "Ukikauka, dada, nitamchora tena." Nikamjibu kwamba hapa kwetu hatuna njaa ya picha. Mvua za masika hazijaisha, tukamzika mama.

Miaka yote nimemwonea kijicho kwa macho yale aliyopewa, na Jumanne ile nilikuwa naenda kuyaomba: amchore mama upya kwa kumbukumbu yake, kwani yangu imechakaa. Wewe mwenye mwenzako anayekuzidi, msifu angali anasikia, hata kama sifa inakukwama kooni. Ukiifuta kazi yake, huenda unafuta na chako. Mimi hapa nimekaa mbele ya ukuta mtupu, na sikumbuki pengo la mama lilikuwa kushoto au kulia.