Harufu ya Maharage Runazi

Juma lililopita nilipanga foleni kwenye zahanati ya Runazi, nyuma ya mama mmoja aliyepauka midomo. Mganga, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alimwamkia shikamoo, kisha akafungua daftari, akamuuliza anakula nini huku akiandika.

"Ugali wa muhogo na kisamvu."

"Kila siku? Damu yako imepungua, mama. Pika maharage."

Mama aligeuka akatutazama mmoja mmoja, halafu akainama mezani. "Nitapikaje, mwanangu? Tangu tuhamishiwe kijijini nyumba zimebanana. Maharage yakichemka, balozi wetu wa nyumba kumi anasikia harufu, na kesho yake anakuja na debe kuchukua mchango wa vita."

Kalamu ya mganga ikasimama. "Kumbe unayo?"

Mama akajifunga kanga upya, taratibu. "Nimesema nakula muhogo."

Kuwachangia askari wetu sikatai. Ninalolitilia shaka ni lile debe, maana tangu vita vianze, mke wa balozi ndiye pekee aliyenenepa kwenye safu yetu ya nyumba.

Zamu yangu ilipofika, mganga akaniuliza ninakula nini. Nikaitazama kwanza kalamu yake.

"Muhogo," nikasema.