Petroli ya Mwasiti

Mwasiti binti Haruna anasemwa vibaya hapa Kibirizi, mwaloni wanakoshushia dagaa, na wengi wanaomsema hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Naitwa Rozalia, kichanja changu cha kuanikia dagaa kinapakana na chake mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Asiyependa akaanike dagaa wake.

Mwasiti ni mtu wa Ujiji, wa kuzaliwa. Mumewe, Abeid, alivuka kwenda Kongo kununua mawese, akaoa hukohuko, na mawese hayakuja. Akamwachia mtoto mmoja wa kike, Yusra, wakati huo anatambaa. Tangu hapo mwanamke huyu anatoka kwake Buzebazeba, huko Ujiji, alfajiri kwa miguu, karai kichwani, kwa sababu bodaboda ni pesa. Dagaa wazima anauza. Zile chenga zinazobaki chini ya kichanja ndizo mboga yake. Mimi humtania, namwambia, "Wewe Mswahili wa Ujiji, utakuja kula na kichanja chenyewe." Naye hakawii kunijibu: "Nyamaza, Muha wa milimani, mwanangu atakuwa mfamasia, ukiumwa tumbo utanipigia magoti."

Na kweli Yusra alifaulu. Alifaulu sana yule mtoto, akapata chuo Dodoma. Siku anaondoka, Gasper, mtoto wa kiume wa Leonia, mwenzetu wa hapa mwaloni, ndiye aliyembebea begi mpaka stendi, maana lilikuwa zito kwa vitabu na Mwasiti alikuwa analia tu, hafai kwa kazi yoyote. Gasper alikuwa mvuvi kwenye boti ya Elikana, yeye ndiye aliyekuwa akiwasha taa za kuvutia dagaa. Kijana mcheshi. Alimwambia Yusra, "Ukirudi na koti jeupe, mimi mteja wako wa kwanza."

Mkopo wa serikali ukatoka, lakini si wote. Ulimpa chakula na malazi, na ada ukamlipia sehemu. Iliyobaki, laki sita na elfu arobaini, ni ya mzazi, na bila hiyo mtoto hasajiliwi, wala pesa ya mkopo haigusi. Hana kitambulisho, haingii kwenye mtihani, analala chini katika chumba cha watu kama mkimbizi. Mwisho wa usajili Ijumaa.

Mwasiti alikuwa na laki nne. Alizikusanya miaka miwili, akauza na cherehani.

Sasa hapa kwetu kuna utaratibu. Mama anayetaka mzigo wa uhakika humpa tajiri wa boti pesa ya petroli kabla ya siku za giza kuanza, zile siku ambazo mwezi haupo na dagaa wanafuata taa. Boti ikirudi asubuhi, yeye anapimiwa wa kwanza, tena kwa bei ya chini. Giza moja likikaa vizuri, laki nne inarudi saba. Likikaa vibaya, shauri yako.

Nilimwambia, "Mwasiti, si kwa pesa ya ada."

"Laki nne inasajili mtu?" akaniuliza. "Nikiipeleka hivi ilivyo, watamsajili mguu mmoja?"

Akaenda akampa Elikana pesa yote, Ijumaa mchana, wiki moja kabla ya ile Ijumaa ya chuo, na Elikana akajaza madumu yake ya petroli.

Jumamosi usiku upepo ukaamka ghafla. Boti ya Elikana ikarudi alfajiri na wavuvi wote isipokuwa Gasper. Alikuwa ameinama kushika taa, wimbi likapiga, na walipogeuka hayupo. Yewe! Kilio cha Leonia nilikisikia nikiwa bado njiani.

Na mnajua desturi. Ziwa likichukua mtu wa hapa, hakuna anayevua mpaka apatikane. Boti zinaingia kutafuta tu. Asubuhi ile Elikana aliwagawia wenzake madumu, boti saba zikatawanyika, na zote zilitembea kwa petroli ya Mwasiti. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Yeye alikaa kando ya kichanja kitupu, akisikiliza zile injini zikienda na kurudi. Siku ya tatu aliniambia kwa sauti ya chini, "Rozalia, naomba Mungu wampate, halafu najichukia, kwa sababu najua naomba kwa ajili ya nini." Niliona aibu kwa niaba yake. Nilimwambia anyamaze.

Jumatano jioni Yusra alipiga kwa kisimu chake cha vitufe. Kuhusu Gasper hakujua kitu, Mwasiti alikataa kumwambia, eti asije akashindwa kusoma. Mtoto alikuwa analia. "Mama, wamebandika majina ya ambao hatujalipa. Ijumaa wanafunga. Mama, nirudi nyumbani?"

"Usirudi," Mwasiti akasema. "Ukirudi mimi nitakufa." Aliyasema vilevile alivyoyahisi, wala hakuwa anamtisha mtoto.

Tukaenda kwa Elikana. Elikana si mtu mbaya, msije mkamsingizia. Alitoa mfuko wa suruali nje tukauona mtupu. "Petroli imekwisha kwenye kutafuta, dada yangu. Ningekuwa nayo ningekupa. Na boti siwezi kuingiza kuvua, labda mama wa marehemu mwenyewe aseme basi. Neno ni lake."

Alhamisi asubuhi Mwasiti akaniambia anakwenda kwa Leonia. Nikamwambia, "Umerukwa na akili." Akasema, "Ndiyo." Nikamfuata. Kwa nini nilimfuata sijui, labda niliogopa watampiga.

Leonia alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Tulimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akaitikia bila kuinua uso. Mwasiti alikaa. Kisha ikamtoka yote kwa mkupuo.

"Dada Leonia, nisamehe. Kesho mwanangu anafukuzwa chuo. Pesa yake nilimpa Elikana. Nakuomba uruhusu boti ziingie usiku wa leo, usiku mmoja tu. Sina pengine pa kwenda."

Jamani. Mmoja akaguna, "Kufa kufaana." Mwingine akasema kwa sauti ili tusikie, "Hivi huyu ana haya kweli?" Nilitamani ardhi inimeze, na mimi sikuwa nimefungua hata mdomo.

Leonia aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba. "Ile petroli iliyomtafuta mwanangu siku nne," akauliza, "ndiyo ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu."

"Mbona hukuja kusema?"

"Ningesema nini?"

Leonia akafikiri. Halafu akasema, "Ziwa sifungui. Mwanangu yuko mle ndani. Sitaki watu wavue dagaa juu yake." Mwasiti akainamisha kichwa, akaanza kuinuka. "Kaa. Sijamaliza."

Akaingia chumbani, akarudi na fundo la kanga. Rambirambi. Michango ya jumuiya, ya wavuvi, ya majirani, laki sita na hamsini. Akaiweka mapajani mwa Mwasiti. "Watu wanasema ziwa hili halina chini. Asipopatikana, sina wa kumnunulia jeneza. Hii itaishia kwenye wali wa waombolezaji. Wewe umemtafuta mwanangu. Chukua."

Hapo ndipo watu wanapomhukumu Mwasiti. Wanasema angekataa. Eti mtu mwenye utu angekataa mara tatu, akabembelezwa. Nami nilikuwa namkanyaga mguu, kataa, kataa! Hakukataa hata mara moja. Aliishika ile kanga kwa mikono miwili, akambusu Leonia mkono, akatoka anakimbia, ndala moja akaiacha mlangoni. Niliiokota mimi. Kabla ya adhuhuri wakala wa pesa za simu alikwishaipeleka yote kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya chuo, na pesa ikiingia huko hairudi.

Nilimkasirikia siku ile sana. Lakini niulizeni mimi, mama wa watoto wanne ambao hakuna aliyevuka kidato cha nne, je, ningekataa? Nimejiuliza mara nyingi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ijumaa asubuhi wakampata Gasper.

Ziwa lilimtoa lenyewe, upande wa kaskazini kwenye mawe, na waliomwona wakasema azikwe leoleo, hafai kungoja. Akaletwa amefunikwa turubai. Erasto, shemeji yake Leonia, ambaye siku zote hizo alikuwa ziwani anatafuta, alifika akiwa bado amelowa, akasema, "Shemeji, toa ile pesa twende Gungu tukachukue jeneza."

Leonia akavuta turubai, akamfunika mwanawe vizuri. Erasto akarudia. Leonia akatazama chini, hakumtaja mtu, na naapa asingemtaja.

Mwasiti alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Akapita katikati ya watu mpaka mbele. "Nimeila mimi," akasema. "Nimelipa ada ya mtoto. Haipo."

Niache kusimulia maneno aliyoambiwa. Mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia, na mimi nimezeekea mwaloni. Erasto aliinua mkono, Elikana akaudaka. Mwasiti hakujikinga. Na watu wangechanga tena nini? Mifuko ilikwishatoa, na siku tano nzima hakuna aliyevua hata dagaa wa kutia chumvi.

Ni Elikana aliyeamua. Pale ufukweni alikuwa na mbao za boti mpya, ameziweka juu ya magogo zikauke, tangu mwaka juzi ananunua mojamoja. Akamwita fundi wake wa boti. "Pima hapa," akamwambia, na akageuka asione msumeno ukiingia.

Basi jeneza la Gasper likachongwa uani kwa Leonia na fundi wa boti, kwa misumari ya boti. Leonia alikaa kwenye kigoda akitazama. Mwasiti alikaa chini karibu naye, wa kwanza kukaa karibu naye siku ile, kwa sababu wengine walikuwa hawajui wamtazame vipi. Nyundo zilikuwa zinapiga, ndipo simu ya Mwasiti ikaita.

Alitaka kuizima. Vidole vikakosea kitufe, akaipokea, na sauti ya Yusra ikasikika mpaka kwangu, ilivyokuwa juu.

"Mama! Nimesajiliwa! Kitambulisho kiko mkononi, mama, kina picha yangu! Mama, umepata wapi?"

Mwasiti akamtazama Leonia.

"Mama? Mbona kelele? Nani anagonga nyundo?"

Leonia akanyoosha mkono. "Nipe." Mwasiti akatikisa kichwa, machozi yanamshuka. Leonia akaichukua simu mwenyewe.

"Hongera, mwanangu," akasema.

"Shikamoo mama! Ni mama Gasper huyo? Asante mama! Gasper yupo? Mwambie begi limefika salama, na koti jeupe bado nalidaiwa!"

Fundi alisikia, akashusha nyundo. Sote tulikuwa tunamtazama Leonia.

"Amerudi leo asubuhi," akasema. "Nitamwambia. Wewe soma."

Akakata simu, akamrudishia Mwasiti, na akamwambia fundi aendelee, jua linakwenda.