Kifungo cha Kola

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Pindo, kwa sababu ukimpelekea nguo, hata iwe koti la harusi, kwanza anageuza pindo, analitazama, anaguna, ndipo anakusalimia. Kibanda chake kimebanwa kati ya duka la simu na fundi viatu. Cherehani ni ya kukanyaga kwa miguu, na kiti kina mto aliouziba viraka mpaka haijulikani kitambaa cha mwanzo kilikuwa rangi gani.

Uzi anaupitisha mdomoni. Anaubana kwa midomo, anauvuta taratibu, ncha inatoka kali na imelowa, inaingia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza. Kafanya hivyo maisha yake yote ya kazi, na miwani hana.

Shida ilianzia sikioni. Sikio la kulia liliziba, akasema ni vumbi la vitambaa, akawa anatia mafuta ya uvuguvugu. Fundi viatu akamtania kwamba anajifanya kiziwi ili wateja aliowachelewesha wachoke kudai nguo zao. Baadaye tone la damu likamdondoka puani, likatua kwenye shati jeupe la mtu. Akalifua kwa maji baridi na chumvi, akalipiga pasi, akanyamaza.

Halafu kola za mashati yake zikaanza kumkaba. Mtu mwingine angejiuliza shingo imepatwa na nini. Yeye ni fundi, akasogeza kifungo. Kola ikamkaba tena, akakisogeza tena. Pembeni ya shingo kulikuwa kumeota kitu kigumu kama kokwa, hakiumi, na utepe wake wa kupimia, anaouvaa kutwa nzima, ulikuwa unakifunika vizuri kabisa.

Aliyegundua ni mkewe, ambaye mimi namwita mama kwa sababu ndiye aliyenilea. Alikuwa anapiga pasi shati, akaona matundu ya sindano pale kifungo kilipokuwa zamani, na mengine pale kilipohamia. Akamwita, akamwinamisha, akampapasa shingo. Akanigeukia, akaniambia kesho nimpeleke hospitali, maana akienda peke yake ataishia kwa fundi viatu kupiga soga.

Sasa hospitali ile ni kukaa tu. Kliniki ya pua, koo na masikio, benchi la mbao, unasogea kidogo, unasogea kidogo, ukifika mlangoni unaambiwa karatasi hii siyo ya hapa. Wakampitisha mrija wenye kamera puani, wakakata kipande cha nyama. Majibu tukayafuata tukarudishwa, tukayafuata tena.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye macho ya mtu asiyelala. Akasema ni saratani, imekaa nyuma ya pua, juu ya koo, pale njia ya sikio inapotokea, ndiyo maana sikio limeziba, na ile kokwa ya shingoni imetokana nayo. Akasema pia kwenye kile kipande wamekuta kirusi, cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga. Watu wengi wanakipata utotoni kwa mate, na wengi hakiwafanyi kitu. Mjomba aliitikia kwa kichwa mwanzo hadi mwisho. Alichoondoka nacho pale ni neno moja, mate.

Tulipofika nyumbani akachukua kikombe chake, akakifunga uzi mwekundu kwenye shikio, akafunga na kijiko, na sahani yake akaizungushia. Akakusanya vigurudumu vyote vya uzi alivyokwisha kuvianza, akavichoma nyuma ya nyumba. Akahamia kwenye kochi. Mjukuu aliyezoea kummalizia chai alifukuzwa kama kuku, akaenda kulia mlangoni.

Mama akamuuliza, "Umekuwa mpangaji?"

"Nawalinda," akasema.

Mama hakubishana. Alikuwa amechoka: vyombo vya kuosha pembeni, shuka za kuchemsha, na mtu wa kubembelezwa aliyejigeuza jiwe. Siku ya kuanza matibabu ya mionzi ilipofika mjomba akabaki kwenye kochi na viatu kavaa. Nikamwambia tunachelewa. Akaniambia haendi popote mpaka mama yangu apimwe kwanza, maana kama amekwisha kumpa ugonjwa, haoni anajitibia nini.

Siku hiyo tukaipoteza. Kesho yake vilevile. Mtu anakaa na saratani kichwani anasubiri mwenzake apimwe. Mwishowe mama akajifunga kanga, akasema haya, twendeni, nikapimwe. Safari hiyo mjomba akainuka bila kusukumwa.

Yeye ndiye aliyetangulia kuongea mle ndani. "Daktari, mpime huyu. Nimelala naye, nimekula naye, nimemshonea nguo zote kwa mate yangu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nikimpima nitakikuta, mzee. Nikimpima kijana wako nitakikuta. Mimi mwenyewe ninacho."

"Kwa hiyo nimempa."

"Labda yeye ndiye aliyekupa. Labda mlikuwa nacho wote kabla hamjajuana. Karibu kila mtu mzima anacho, kimelala. Lakini saratani yako haimrukii mtu, hata mle sahani moja."

Mjomba akauliza, "Sasa kwa nini kiniamkie mimi?"

Daktari akasugua macho. "Kirusi peke yake hakitoshi. Kuna mambo mengine, ya mwili, ya ukoo, ya maisha. Kwa nini wewe na siyo jirani yako, hilo ningelijua ningekwambia."

Mama akamgeukia mumewe. "Umesikia? Au nizunguke upande wa sikio zima?"

Mjomba akacheka, kidogo, puani, na pua yenyewe imeziba. Akauliza mionzi ni lini. Daktari akamwambia ilikuwa juzi.

Jioni hiyo mama aliukata ule uzi mwekundu kwa meno, akamimina chai kwenye kikombe kilekile, akanywa yeye kwanza. Mjomba alimtazama mpaka alipokitua.

Ikaanza sasa safari ya kila siku. Wanamfunika uso kwa kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa sura yake, wanakibana mezani asitikisike. Akaniambia fundi wa kile kinyago anajua vipimo. Baadaye hata utani ukakauka, pamoja na mdomo. Vidonda, dawa za dripu, uji uliokuwa kwake kama kutafuna pamba. Tulikuwa tunarudi watatu kwenye basi, mama akisinzia begani kwangu amesimama.

Mionzi ilipokwisha, kokwa ilikuwa imenywea. Walisema tusubiri, watampima tena. Sikio bado linapiga mluzi. Alirudi kibandani akiwa amepwaya ndani ya shati lake, kola imemwacha shingo kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Maneno ya fundi viatu hayo, siyo yangu.

Mjomba akalivua, akataka kukirudisha kifungo. Akapitisha uzi mdomoni. Hamna kitu, mate yamekwisha. Ncha ikachanuka kwenye tundu. Akarudia, ikachanuka. Nikamwambia nilete maji kwenye kifuniko, akanitazama kama nimemwambia ashonee waya.

Mama alikuwa amekaa kwenye mto wa viraka. Akamnyang'anya uzi, akaupitisha katikati ya midomo yake, akaubana, akamrudishia. Mjomba akaushika, unang'aa. Nilidhani ataufuta. Akaupitisha kwenye midomo yake mikavu, mazoea tu, ukaingia mara ya kwanza.

Kifungo kilipita matundu ya zamani yote, kikaenda mahali ambapo hakijawahi kukaa.

"Usikikaze sana," mama akasema, macho ameshayafumba. "Utanenepa."

"Tutakisogeza," mjomba akasema, akakata uzi.