Wasifu wa Bibi Aliye Hai

Mwanangu, weka hiyo simu chini kwanza, kurekodi kutafuata. Ipo siku moja inayonirudia kila nikimwona mwanafunzi anamfuata mtu mzima na maswali, na leo mwanafunzi ni wewe na mtu mzima ni mimi. Umesema mwalimu wenu hapo sekondari ya Usagara amewapa kazi ya kuandika wasifu wa mtu wa ukoo wenu. Nami nilipewa kazi hiyohiyo nikiwa kidato cha pili, na nusura imuue bibi yangu.

Mwalimu wetu aliandika ubaoni mambo ya kuuliza: jina kamili, kuzaliwa, elimu, ndoa, watoto, kazi. Nikamchagua Bibi Magdalena, mama yake baba, aliyekuwa akiishi Kigombe. Alikuja pwani akiwa bado msichana, yeye na mume wake, wametoka bara huko mbali; mume alikuwa manamba, kibarua wa mkataba wa kukata mkonge. Mume alipofariki yeye hakurudi kwao. Alibaki kwenye nyumba yake, ukuta kwa ukuta na Bi Zuhura, mwenyeji wa pale.

Likizo ile Bibi alikuwa ametoka hospitali, miguu imevimba, na mimi ndiye niliyeachwa nimwangalie anywe dawa. Nikamkuta uani anachambua mchicha, nikakaa na kalamu yangu, najiona msomi. Jina lake kamili alilitaja huku anacheka. Mwaka wa kuzaliwa akaukisia. Nilipofika kwenye ndoa na idadi ya watoto, akaweka ungo chini.

"Nani kakutuma?"

"Shule, Bibi."

"Shule," akasema, kama mtu aliyeambiwa mbuzi ametaga yai. Akainuka, akaingia ndani.

Kuanzia hapo, mwanangu, sikuelewa kitu. Dawa akazikataa, eti tuwaachie wanaopona. Kuku wake akamgawia jirani. Gauni lake la sikukuu akalifua, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni. Nikamuuliza anakwenda wapi, akanitazama kwa huruma, akaniambia nisome kwa bidii. Nilidhani ugonjwa umepanda kichwani. Miguu ikaanza kuvimba tena, baba na mama wako mjini, na mimi ni mtoto peke yangu na mgonjwa asiyetaka kupona. Niliogopa mno. Nikawa nalia jikoni nasingizia moshi.

Huko jikoni ndiko Bi Zuhura alikonifuata.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. We mwana, mbona wamzika bibi yako naye yu hai?"

"Mimi?"

"Wewe! Kaja kwangu kuniomba radhi, alia. Asema kwenu mtu akifa husomwa mbele za watu: kazaliwa lini, kasoma wapi, kaolewa na nani, kaacha wana wangapi. Nawe umemjia na hayo hayo. Asema daktari kawaambia siri, nyie mwamficha."

Kweli kabisa, katika familia zetu za kanisani historia ya marehemu husomwa kabla jeneza halijatoka nyumbani. Nilikuwa nimeisikia misibani tangu utoto, na mpangilio ni uleule wa ubaoni, hatua kwa hatua. Haikunijia hata kidogo. Nikakimbilia chumbani kumweleza Bibi kuwa hafi, kuwa ni kazi ya darasani tu. Akaniambia kwa upole, "Hata babu yako tulimwambia atapona." Kila nilivyozidi kukana, ndivyo alivyozidi kuamini. Nikarudi kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura akatandika mkeka uani, mbele ya mlango wa Bibi.

"Kaa kitako. Niulize mimi. Sisi kwetu maiti hasomewi mambo ya shule, kwa hiyo hapana atakayesema waniandikia msiba."

Nikamuuliza. Amesoma wapi? Chuoni, kwenye Kurani, akasema, na alichokikumbuka zaidi ni fimbo ya maalimu. Ameolewa lini? Mara ya ngapi, akauliza yeye. Nikapotea kabisa kwenye maswali yangu, na kwa kuchanganyikiwa nikauliza lisilokuwa ubaoni: alijuanaje na Bibi Magdalena?

"Nilimletea pweza siku alipohamia hapa. Akapiga ukelele, akakimbilia kichakani!"

"Muongo!" Sauti ilitoka ndani. "Sikukimbilia kichakani. Nilipanda kitandani."

Na Bibi akatokea mlangoni, kashika kiuno. Kwao bara hakuwahi kuona mdudu mwenye miguu namna ile. Aliposhuka kitandani alichukua mchi akaanza kumtwanga, akidhani angali hai. Bi Zuhura akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia aendelee hivyo hivyo, maana pweza hupondwa kwanza ndipo apikwe akalainika. Wakapokezana mchi. Jioni wakala pamoja, na Bibi akaomba aongezwe. Alipokuwa akisimulia hayo alikaa mkekani, akapanguza machozi ya kicheko, akaomba maji. Nikamletea maji na dawa yake. Akameza.

"Na haya ya pweza nayo shule yenu yataka?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi shule yenu haina kazi."

Akamdai Bi Zuhura kuku wake hapo hapo.

Aliishi miaka mingi baadaye. Alipofariki, mimi mwenyewe nilikuwa nafundisha kuandika wasifu. Wakamsoma uani pale Kigombe: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, ameacha watoto na wajukuu. Yote yalikuwa kweli. Bi Zuhura, mzee sana sasa, alikuwa kakaa nami mkekani. Akaninong'oneza, "Na pweza je?"

Nisimame katikati ya ibada nitaje pweza? Ninyamaze? Nilinyamaza, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sawa. Nimefundisha wasifu mpaka nikastaafu, na jambo hilo bado linanichanganya.

Ninachokijua ni kidogo, kichukue. Ukimwendea mtu aliye hai, mwambie kwanza kwa nini umekuja, akuamini. Tarehe zake utazipata mwishoni. Muulize alichokiogopa na kikamchekesha, na umuulize mbele ya mtu atakayemwambia muongo. Na siku utakapoandika yako mwenyewe, usijifupishe ukatosha kwenye karatasi ya msibani.

Haya, washa simu yako. Mungu akupe afya, mwanangu, akupe jirani wa kucheka naye, akupe umri mrefu. Na siku utakaposomwa mbele za watu, awepo hata mmoja mkekani wa kuuliza, "Na pweza je?"